James Reese Europe na bendi zake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wengi hulifikia jina hili wakirudi nyuma. Unasikiliza Duke Ellington, unamsikiliza Louis Armstrong, halafu unajiuliza nani aliwatangulia kwenye kumbi za dansi za Marekani. Kila ukifuata uzi unakutana na bwana mmoja mrefu, mwenye mwili mkubwa na miwani, aliyekufa kabla redio haijaanza kurusha muziki majumbani. Maswali yaliyo hapa ndiyo ninayoulizwa zaidi kumhusu. Mengine nimeyajibu kwa mistari miwili, mengine yamenichukua muda.

Kwa ufupi, James Reese Europe alikuwa nani?

Alikuwa kiongozi wa bendi za dansi, mtunzi wa nyimbo, na mtu aliyewatafutia kazi na kuwapangia malipo wanamuziki Weusi wa New York, tangu mwanzoni mwa karne ya 20 hadi 1919. Alizaliwa Mobile, Alabama, tarehe 22 Februari 1880, ingawa maandishi mengi ya zamani yanataja 1881. Alifia Boston tarehe 9 Mei 1919, hata 40 hajafika. Katika miaka hiyo michache aliongoza maonyesho ya tamthilia za muziki, akaanzisha chama cha wanamuziki, akaingiza orkestra ya zaidi ya watu 100 Carnegie Hall, ukumbi maarufu wa New York, akapigia dansi matajiri wakubwa wa Marekani, akarekodi santuri, akaenda Ufaransa kama luteni katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na akarudi na bendi iliyozungumzwa kila mahali.

Watu wakiniuliza kipi kati ya hivyo ndicho kikubwa, hutarajia nitaje vita au Carnegie Hall. Mimi hutaja malipo. Alifanya mpiga muziki Mweusi atoke nyumbani jioni akijua atalipwa kiasi gani, na kwamba atalipwa kwa kupiga muziki tu.

Europe ndilo jina lake la kweli?

Ndiyo. Ni jina la ukoo, la baba yake Henry Europe. Hakulipata vitani Ufaransa, wala si jina la jukwaani. Wenzake walimwita Jim.

Muziki alijifunzia wapi?

Alianzia nyumbani. Mama yake, Lorraine, alipiga piano, na watoto walikulia ndani ya muziki. James alipokuwa bado mdogo familia ilihamia Washington, ambako baba alipata kazi upande wa posta. Hapo walikuwa jirani na John Philip Sousa, yule mfalme wa machi za bendi za kijeshi, na James alifundishwa fidla na Enrico Hurlei, mmoja wa viongozi wa bendi ya wanamaji. Alipofika miaka 14 aliingia shindano la utunzi akashika nafasi ya pili. Ya kwanza aliichukua dada yake Mary.

Huyo Mary naye si wa kupitwa. Alikuja kuwa mwalimu wa muziki Washington na mpiga piano wa kwaya iliyopewa jina la Samuel Coleridge-Taylor, mtunzi wa London ambaye baba yake alitoka Sierra Leone. Hapo nyumbani kwao, basi, James hakuwa bingwa asiyepingika.

Alipofika New York na fidla yake mkononi aligundua kwamba hakuna aliyekuwa akitafuta mpiga fidla Mweusi. Akajishikiza kwenye mandolini, chombo kidogo cha nyuzi, na piano, akapiga kwenye vilabu vya usiku, kisha akaingia upande wa tamthilia za muziki. Mwaka 1904 alisimamia muziki wa onyesho lililoitwa A Trip to Africa. Baadaye aliongoza muziki wa The Shoo-Fly Regiment na The Red Moon, kazi za Bob Cole na ndugu wawili James Weldon na Rosamond Johnson, na wa Mr. Lode of Koal, onyesho la mchekeshaji Bert Williams la mwaka 1909. Katika maonyesho hayo ndiko alikojifunza kuongoza kundi kubwa: nani aingie lini, nani anyamaze, na nini cha kufanya mwimbaji akisahau maneno.

Clef Club ilikuwa bendi au chama?

Ilikuwa vyote viwili, na zaidi ya hapo.

Kwanza tuone hali ilivyokuwa. Kabla ya 1910, mwanamuziki Mweusi New York alipata kazi kwa kubahatisha. Wapigaji walikusanyika hotelini Marshall, mtaa wa 53 magharibi, na aliyetaka muziki wa sherehe alituma mtu pale kuulizia nani yupo. Hotelini au kwenye majumba ya matajiri mtu angeweza kuajiriwa kubeba sahani, halafu wageni wakishashiba aambiwe achukue banjo aimbe. Malipo yalikuwa bakshishi. Usiku ukiwa mbaya alirudi nyumbani na nauli tu, au bila hiyo nauli.

Mwaka 1910 Europe na wenzake waliunda Clef Club, naye akawa rais wake wa kwanza. Walipata nyumba mtaa huohuo wa 53, ng'ambo ya Marshall. Ndani yake kulikuwa na ofisi na simu. Ukitaka wapigaji watatu wa karamu ya chai ulipiga simu, na ukitaka 30 wa dansi la usiku kucha ulipiga simu ileile. Chama kilikubaliana na mteja bei kabla, kilihakikisha kuna chakula na usafiri, na kiliwatuma watu waliovaa vizuri na kufika kwa wakati. Mteja wa kutaka mpigaji abebe pia sahani aliambiwa hapana.

Hivyo ilikuwa wakala wa ajira, chama cha wafanyakazi na baraza la jioni kwa pamoja. Mara moja moja wanachama wote waliungana jukwaani wakawa orkestra moja kubwa.

Ni kweli walijua nota lakini wakajifanya hawazijui?

Eubie Blake, mpiga piano aliyefanya kazi na Europe, alisimulia hivyo mara nyingi katika uzee wake. Wapigaji walijifunza nyimbo mpya kwa karatasi za nota, wakazishika kichwani, kisha wakaenda kwenye sherehe mikono mitupu. Wateja wazungu walipenda kuamini kwamba hawa watu wamezaliwa na muziki damuni na hawahitaji kusoma chochote. Mgeni aliomba wimbo uliotoka wiki hiyohiyo katika tamthilia fulani, bendi ikauliza kidogo unaanzaje, halafu ikaupiga wote bila kosa. Mgeni alistaajabu. Wao waliuzoea tangu juzi.

Kisa hiki watu hukicheka, nami nacheka. Lakini kinaonyesha pia bei waliyolipa: ustadi wa miaka mingi ulibidi ufichwe ili uuzike.

Tamasha la Carnegie Hall lilikuwaje?

Lilifanyika tarehe 2 Mei 1912, kuchangia shule ya muziki ya watoto Weusi ya Harlem, mtaa wa New York, iliyoanzishwa kwa juhudi za mpiga fidla David Mannes. Europe alipandisha jukwaani zaidi ya wapigaji 100. Walipangwa tofauti kabisa na orkestra ya Kizungu: mandolini kwa makumi, banjo, magitaa yenye umbo la kinubi, fidla, selo, ngoma, na nyuma yao safu ya piano zipatazo kumi. Wengi walikuwa wakifanya kazi nyingine mchana na mazoezi ya pamoja yalikuwa machache. Wasiosoma nota waliisikiliza sehemu yao mpaka wakaimudu.

Walipiga machi na waltsi, na kwaya iliimba. Will Marion Cook, mtunzi mashuhuri na mkali wa tabia ambaye mwanzoni alilihofia tamasha lile, alikaa katikati ya wapiga fidla, na wimbo wake Swing Along ukashangiliwa na ukumbi mzima. Muziki wa watunzi Weusi, ukipigwa na orkestra ya Weusi, ulikuwa umefika kwenye jukwaa linaloheshimiwa kuliko yote Marekani. Walirudi tena 1913 na 1914.

Wakosoaji wengine walisema angefanya vyema kuwafundisha watu wake simfoni za Wajerumani. Europe hakubabaika. Msimamo wake ulikuwa kwamba watu wake wana sauti zao, na kwamba mandolini na banjo kwa wingi ule zilimpa mwendo ambao fidla za Kizungu zisingempa. Nadhani alikuwa sahihi, na santuri zake zinamtetea.

Kwa nini basi aliiacha Clef Club?

Mivutano ya chama, kama inavyotokea kwenye vyama. Mwishoni mwa 1913 alijiondoa, akaanzisha Tempo Club, na wapigaji wengi hodari wakamfuata.

Na hili la foksitroti, ile dansi ya wawili wawili? Aliibuni yeye?

Swali hili lina mabishano, kwa hiyo twende taratibu.

Mwaka 1913 Europe alikutana na Vernon na Irene Castle. Vernon alikuwa Mwingereza mwembamba kama fimbo, Irene Mmarekani, na wao walikuwa wacheza dansi waliopendwa kuliko wote nchini. Irene alipokata nywele fupi, wanawake wa miji mikubwa walikata. Waliposema tango inafaa kuchezwa na watu wenye adabu, watu wenye adabu wakajifunza tango. (Msomaji wangu mmoja aliniuliza inahusiana vipi na tango la kachumbari. Haihusiani.) Walimsikia Europe kwenye karamu moja ya binafsi, na tangu hapo hawakutaka tena kucheza na bendi nyingine. Europe akawa kiongozi wa muziki wa shule yao ya dansi, Castle House, na wa safari zao. Mwaka 1914 walizunguka miji zaidi ya 30 katika muda usiofika hata mwezi na nusu, wakisafiri kwa treni.

Ndani ya safari na mazoezi hayo, Europe alikuwa na kawaida ya kupumzisha wachezaji kwa kupiga piano polepole. Mara nyingi alipiga Memphis Blues ya W. C. Handy, iliyokuwa imechapishwa 1912. Siku moja akawaambia akina Castle kwamba mwendo ule unafaa dansi yake wenyewe. Vernon alisita, maana wakati ule kila mtu alitaka kasi. Walipojaribu, hatua zikaja, na hiyo ndiyo ikawa foksitroti. Ndivyo Handy na Noble Sissle, mwimbaji aliyefanya kazi na Europe, walivyosimulia, na akina Castle wenyewe walimtaja Europe.

Upande wa pili kuna wanaosema jina limetokana na Harry Fox, msanii wa majukwaani aliyekuwa na mbio zake fupi fupi mwaka huohuo. Vernon Castle naye aliwahi kueleza kwamba hatua zenyewe zilikuwa tayari zikichezwa na Weusi kwenye vilabu vyao. Ukiniuliza mimi, madai hayo hayagombani. Hatua zilikuwapo kwa wenyewe, jina likatoka popote lilikotoka, na mtu aliyeamua kwamba muziki wa dansi wa Marekani upunguze mwendo, uvute pumzi, alikuwa Europe akiwa amekaa kwenye piano.

Akina Castle walimfaa kwa jambo jingine pia. Chama cha wanamuziki wazungu kilipokataa wapigaji Weusi wasikae kwenye shimo la orkestra la ukumbi fulani, bendi ilikaa jukwaani pamoja na wachezaji. Watu wakaona hiyo ndiyo mitindo mipya. Mpiga ngoma wao, Buddy Gilmore, akawa kivutio kwa nafsi yake, mpaka Vernon akaomba afundishwe.

Alitunga nyimbo zipi?

Za dansi zinazojulikana zaidi ni Castle House Rag na Castle Walk za mwaka 1914. Hiyo ya pili aliitunga pamoja na Ford Dabney, mshirika wake wa karibu. Ipo pia Castle Half and Half, ya mapigo matano kwa kipimo kimoja. Jaribu kuhesabu moja mpaka tano huku umemshika mwenzio kiunoni, utaelewa kwa nini haikudumu.

Enzi za tamthilia alitunga nyimbo za kuimbwa, kama I Ain't Had No Lovin' in a Long Time ya 1908. Enzi za vita alitunga pamoja na Sissle na Blake: On Patrol in No Man's Land, All of No Man's Land Is Ours, na Good Night Angeline, ambayo ni tamu kuliko zote kwa sikio langu.

Hakuacha wimbo mmoja ambao kila mtu anauimba mpaka leo. Hilo limemgharimu, kwa sababu historia ya muziki huandikwa sana na wanaofuata nyimbo, wakati yeye nguvu zake zilikuwa kwenye kundi.

Alirekodi santuri?

Alirekodi, na hili ni muhimu. Tarehe 29 Desemba 1913 bendi yake, Europe's Society Orchestra, iliingia studio ya kampuni ya Victor, ikawa orkestra ya kwanza ya Weusi kupata mkataba na kampuni kubwa ya santuri Marekani. Siku hiyo walirekodi Too Much Mustard, Down Home Rag, tango moja na maksishi moja, dansi ya Kibrazili. Walirudi 10 Februari 1914.

Kumbuka kwamba maikrofoni haikuwapo. Wapigaji walijikusanya mbele ya pembe kubwa ya bati iliyopeleka mtikisiko wa sauti mpaka kwenye sindano, na ngoma ya kishindo iliweza kuirusha sindano hiyo. Ndiyo maana wahandisi waliwaogopa wapiga ngoma. Europe alipeleka ngoma zake hata hivyo, na zinasikika.

Mtu mwenye kazi nzuri hivyo alifuata nini jeshini?

Mwaka 1916 uliundwa New York rejimenti ya Weusi ya walinzi wa jimbo, ya 15, chini ya Kanali William Hayward. Europe alijiandikisha akiamini kwamba Harlem inahitaji taasisi ya namna hiyo ya wanaume wake, na akamvuta Sissle amfuate. Alitaka kuwa askari tu. Hayward naye alitaka bendi, kwa kuwa bendi nzuri huleta watu kujiandikisha.

Europe akaweka masharti ambayo pengine alidhani yatamnasua: fedha za kutosha, na ruhusa ya kuajiri wapigaji kutoka popote. Hayward akamwendea tajiri mmoja, Daniel Reid, akatoka na hundi ya dola 10,000. Hakukuwa tena na pa kukimbilia. Wapiga klarineti na saksafoni wa kutosha hawakupatikana New York, kwa hiyo Europe akapanda meli hadi Puerto Rico, ambako kila mji ulikuwa na bendi yake ya manispaa, akarudi na vijana zaidi ya kumi. Mmoja wao alikuwa Rafael Hernández, ambaye baadaye alikuja kuwa mtunzi mpendwa kuliko wote kisiwani kwao, mwenye Lamento Borincano na Preciosa.

Mwaka 1917 rejimenti ilipelekwa mazoezini Spartanburg, South Carolina. Meya wa mji alikuwa ameshasema wazi kwamba askari Weusi kutoka kaskazini hawatakiwi. Siku moja Sissle aliingia hotelini kununua gazeti. Mwenye hoteli akampiga kofia ikaruka, akampiga mateke. Askari waliokuwa ndani, weusi kwa weupe wa kutoka New York, waliinuka kumrarua. Europe akaingia, akawaamuru wote kwa sauti ya kiofisa watulie na watoke mmoja mmoja. Wakatoka. Muda mfupi baadaye jeshi likaona heri kuwapeleka Ufaransa mapema kuliko kungoja damu imwagike South Carolina.

Wafaransa waliupokeaje muziki wao?

Waliposhuka Brest, siku ya mwaka mpya wa 1918, walipiga La Marseillaise. Watu waliosimama bandarini walikaa kimya kidogo bila kuelewa, kisha wakashtuka na kusimama wima: kumbe ni wimbo wao wa taifa, ila mwendo wake umevaa nguo ngeni.

Makao makuu yakaituma bendi izunguke miji kupiga kwa majeruhi na wananchi, na ilikaa wiki kadhaa Aix-les-Bains, palipokuwa na mapumziko ya askari wa Marekani. Mwezi Agosti walipiga Paris, wakaitwa tena na tena. Kwenye bustani ya Tuileries walipiga siku moja na bendi kubwa za Uingereza, Italia na Ufaransa, na watu wakawahamia wao. Europe alisimulia baada ya kurudi kwamba bendi ya Garde Républicaine, ya kijeshi ya Ufaransa, iliomba karatasi zao za nota, ikazipiga, na muziki ukagoma kutoka vile. Wakaomba kuzikagua tarumbeta na tromboni za Wamarekani wakidhani zimefichwa kifaa. Hakukuwa na kifaa. Walikuwa wakiziba midomo ya tarumbeta, wakitetemesha ulimi, na kutilia mkazo mapigo ambayo mwandishi wa nota hakuyatia alama.

Alipigana kweli, au alikuwa wa bendi tu?

Alipigana. Jeshi la Marekani halikutaka kuwaweka askari wale mstari mmoja na wazungu, likawaazima Wafaransa, na rejimenti ikapewa namba mpya, 369. Walivaa kofia za chuma za Kifaransa na kushika bunduki za Kifaransa. Luteni Europe alikuwa wa kombania ya bunduki za rasharasha, zile ambazo askari wa vita hivyohivyo huku kwetu waliziita bombomu. Akawa miongoni mwa maofisa Weusi wa kwanza wa Marekani kuingia mahandakini, na aliwahi kutoka usiku pamoja na doria ya Wafaransa katika ardhi iliyo kati ya majeshi mawili.

Mwezi Juni 1918 alivuta gesi ya sumu. Sissle alipomwona hospitali, alimkuta kitandani akiandika wimbo: ndio huo On Patrol in No Man's Land. Rejimenti yake ilikaa mstari wa mbele siku 191, na Ufaransa ikaitunuku nishani ya Croix de Guerre.

Vernon Castle, aliyekuwa rubani wa kijeshi wa Uingereza, alikufa Februari mwaka huohuo katika ajali ya ndege ya mafunzo huko Texas.

Yale mapokezi ya New York yalikuwaje?

Tarehe 17 Februari 1919 rejimenti ilipita Fifth Avenue kutoka chini ya jiji mpaka Harlem, askari wamebanana safu kwa safu kwa mpango wa Kifaransa. Sehemu kubwa ya njia bendi ilipiga machi za kijeshi tu. Walipoingia Harlem, Europe akabadilisha, wakapiga Here Comes My Daddy Now, na mpango wa safu ukaisha hapo, maana mama na wake na watoto waliingia barabarani.

Alikufaje?

Ni habari ya kusikitisha, na ndogo mno kwa mtu aliyetoka kwenye gesi na mizinga.

Bendi ilikuwa katika ziara ya miji. Tarehe 9 Mei 1919 walikuwa Mechanics Hall, Boston, mvua inanyesha na Europe ana mafua makali. Alikuwa na wapiga ngoma wawili waliotangazwa kama mapacha, Steven na Herbert Wright, ingawa hawakuwa hata ndugu. Herbert alikuwa na kinyongo kwamba kiongozi anamwonea na kumpendelea mwenzake. Europe alimwita chumba cha nyuma kumwonya asitoke jukwaani ovyo wakati wengine wanapiga. Herbert akapandwa na hasira, akachomoa kisu kidogo cha mfukoni, akamrukia, akamkata shingoni.

Jeraha lilionekana dogo. Europe mwenyewe alimpa msaidizi wake bendi waendelee, akawaambia watakutana asubuhi, kwani kesho yake walitakiwa kupiga mbele ya gavana Calvin Coolidge kwenye ukumbusho wa Kanali Shaw na askari wake Weusi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Onyesho lilikamilika. Ndipo habari zikaja kutoka hospitali kwamba mshipa ulikatika na damu haikuzuilika.

New York ilimfanyia mazishi ya hadhara, heshima ambayo jiji halikuwahi kumpa mtu Mweusi kabla yake. Alizikwa Arlington, kwenye makaburi ya taifa ya wanajeshi.

Huyo Herbert Wright aliishia wapi?

Alihukumiwa miaka kumi hadi 15 kwa kuua bila kukusudia, akaachiwa 1927. Aliishi Roxbury, mtaa wa Boston, akifundisha watoto ngoma. Mmoja wa watoto wa jirani waliopata masomo kwake aliitwa Roy Haynes, aliyekuja kuwa mmoja wa wapiga ngoma wakubwa kabisa wa jazi na kupiga na Charlie Parker na John Coltrane. Sijui mtu ahisi nini akisikia hilo.

Alichopiga kilikuwa jazi?

Mwaka 1914, hapana. Ilikuwa ragtaimu, muziki wa mdundo wa kurukaruka uliotangulia jazi, iliyopangwa kwa bendi kubwa, ikichemka pembeni. Mwaka 1919 inakaribia sana: klarineti zinateleza, tromboni zinaguna, kuna mapengo ambapo bendi hunyamaza na chombo kimoja kikasema peke yake. Yeye mwenyewe alilitumia neno jazi, hata akalitafutia asili, akasema limetokana na bendi ya bwana mmoja Razz wa New Orleans. Hadithi hiyo wanahistoria hawaikubali.

Ana uhusiano wowote na muziki wa dansi wa Afrika Mashariki?

Wa moja kwa moja hakuna, na asikudanganye mtu. Wa mbali upo. Miaka ya 1930, vilabu vya dansi vya Dar es Salaam na Mombasa vilipopiga waltsi na foksitroti, vilipiga mwendo uliotoka kwenye kumbi zilezile za akina Castle, ukiwa umepitia London na santuri.

Kinachonivutia zaidi ni sadfa ya wakati. Miaka ileile ambayo Europe alikuwa akizungusha bendi yake Ufaransa, vita hivyohivyo vilikuwa vikieneza beni, ngoma iliyoiga bendi za kijeshi, kutoka pwani kwenda bara, askari na wapagazi wakibeba vyama vyao vya beni, Marini na Arinoti, kambi kwa kambi. Watu wasiojuana, kila mmoja kwake, walichukua bendi ya kijeshi ya Mzungu wakaifanya ngoma yao.

Waliobaki waliendelea?

Sissle na Blake waliendelea na ndoto waliyoshirikiana naye, ya kurudisha tamthilia za Weusi Broadway, kwenye kumbi kubwa za maonyesho za New York. Mwaka 1921 walitoa Shuffle Along, ikapigwa zaidi ya mara 500. Blake aliishi mpaka 1983, na hadi mwisho alimfananisha Europe na Martin Luther King, ila wa muziki.

Nianzie wapi kusikiliza?

Rekodi zake zote sasa hazina hakimiliki Marekani, na Maktaba ya Bunge la nchi hiyo imeweka mtandaoni santuri nyingi za Victor za zama hizo. Anza na Down Home Rag ya 1913. Banjo na mandolini zinakimbizana, na wapigaji wanapiga kelele wao kwa wao kama watu waliosahau kwamba wanarekodiwa. Kisha Castle House Rag: sehemu ya mwisho ndipo ngoma zinapovunja heshima.

Halafu ruka hadi Memphis Blues ya 1919, waliyorekodi kwa kampuni ya Pathé, uone bendi hiyohiyo imekuwa kitu gani baada ya vita. On Patrol in No Man's Land inahitaji sauti kubwa kidogo: Sissle anaimba, wapiga ngoma wanaigiza mabomu na milio ya tahadhari. Rekodi za mwisho kabisa ni za tarehe 7 Mei 1919, siku mbili kabla ya Mechanics Hall, na bendi inasikika kama inayotarajia kurudi studio wiki ijayo.